Asiyekuwepo na Lake Halipo: Vijana na Fungu la Mkulima

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha mwezi wa Ramadhani)



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu wapendwa, na wewe msomaji uliyeshika jarida hili huku ukingojea adhana ya magharibi. Mada niliyopewa ni kilimo na pesa za serikali. Najua wako walioanza kupiga miayo. Kijana wa chuo akisikia kilimo, aona jembe na jua. Akisikia serikali, aona siasa. Lakini hebu nisikilizeni kidogo. Futari utakayokula leo, iwe ni muhogo, mbaazi au viazi vitamu, kuna mtu aliyeilima. Pengine mtu huyo ni nyanyako, na shamba lake ndilo lililokulipia karo.

Nitazungumzia Kaunti ya Kwale, lakini ndugu zetu wa Kilifi, Tana River, Lamu na hata Garissa watajiona humu ndani. Na neno langu ni moja. Pesa za kumsaidia mkulima na za kuhifadhi ardhi zipo. Haziji nyumbani kwa mtu zikabisha hodi. Zapita katika milango mitatu: daftari, kikundi na kikao. Katika milango hiyo yote, wazee wetu wengi hawapo. Na wahenga wetu walishasema, asiyekuwepo na lake halipo.

Kwanza tuelewane: hii si hisani

Mara nyingi twasikia mzee akisema, "Mheshimiwa ametuletea mbolea." La, mzee wangu. Mheshimiwa hakuleta chochote kutoka mfukoni mwake. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka kilimo cha mimea, ufugaji na uvuvi katika majukumu ya serikali za kaunti. Imezipa vile vile kazi ya kutekeleza sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu. Kaunti zote 47 zilianza kazi mwaka 2013. Kifungu cha 69 cha Katiba hiyo hiyo kinaitaka serikali ifanye juhudi kuhakikisha miti inafunika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi.

Kwa hivyo bwana shamba akija, yuko kazini. Mbolea ikishushwa bei, ni kodi yako uliyolipa kwenye sukari na mafuta ya taa. Mtu anayejua kuwa kitu ni haki yake huuliza maswali. Anayedhani ni hisani hushukuru na kunyamaza, hata akipewa nusu.

Mlango wa kwanza: daftari

Mwezi wa Septemba 2022 serikali kuu ilitangaza mbolea ya ruzuku. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa karibu shilingi 6,500 ukashushwa hadi shilingi 3,500. Mwaka uliofuata, 2023, bei ikateremshwa tena hadi shilingi 2,500. Lakini ili kuupata mfuko huo, mkulima alitakiwa awe ameandikishwa. Machifu na wasaidizi wao walichukua jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na aina ya mazao. Kisha ujumbe huja kwa simu, na kwa ujumbe huo mkulima huenda ghalani, akalipa na kuchukua mfuko wake.

Sasa angalia mahali mambo yanapokwama. Bibi wa miaka sabini hana simu, atumia ya mjukuu aliyeko Mombasa. Ujumbe ukaja, mjukuu akadhani ni matapeli, akaufuta. Mzee mwingine laini yake imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Mjane analima miaka ishirini, lakini daftarini liko jina la marehemu mumewe. Hawa wote ni wakulima kweli kweli, wana jembe na wana mikono yenye sugu. Lakini kwa kompyuta ya serikali, hawapo.

Je, kazi ya kuwaandikisha yahitaji shahada ya uzamili? Yahitaji kijana mwenye subira, akae na nyanya yake nusu saa, ahakikishe kitambulisho na simu vyasomana, kisha amfuate naibu wa chifu. Basi.

Na faida ya daftari si mbolea tu. Mwaka 2024 nchi nzima ilisikia kashfa ya mbolea bandia. Baadhi ya mifuko iliyouzwa ndani ya mpango wa ruzuku ilipopimwa, ilipatikana haikufikia kiwango. Jambo likafika Bungeni, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima walionunua. Sasa jiulize, katika ahadi kama hiyo nani awezaye kusimama na kudai? Ni yule ambaye jina lake limo na dalili ya malipo anayo kwenye simu. Yule aliyenunua kwa mkono wa pili, kwa mtu aliyemjua mtu, atamdai nani?

Nongeze neno moja hapa. Mbolea si dawa ya kila shamba. Udongo wetu wa karibu na bahari una mchanga mwingi, na mvua ya masika ikishuka kwa nguvu, mbolea husombwa na maji. Shamba kama hilo lataka samadi na mboji kwanza. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina kituo Mtwapa na kingine Matuga hapa hapa Kwale. Kabla mzazi wako hajatoa shilingi 2,500 zake, muulize mtaalamu udongo wenu unakosa nini.

Mlango wa pili: kikundi

Kuna pesa ambazo hazimfikii mkulima mmoja mmoja hata akiwa daftarini. Chukua mradi wa NARIGP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2016. Ulihusisha kaunti 21, Kwale na Kilifi zikiwemo. Pesa zake zilipitia vikundi: watu wenye shughuli moja, waliosajiliwa, wenye viongozi, akaunti ya benki, kumbukumbu za mikutano na andiko la mradi. Baadaye mwaka 2022 ukapitishwa mradi wa NAVCDP, ambao ulitia mkazo zaidi kwenye soko la mazao na vyama vya akiba na mikopo vya wakulima. Mradi huu ulichukua pia vijana katika wadi kuwa mawakala wa kuwahudumia wakulima. Nilipowauliza vijana wenzangu kama waliisikia nafasi hiyo, wengi walinitolea macho.

Tatizo letu kwenye vikundi ni mawili. La kwanza, twaunda kikundi tukisikia kuna pesa. Wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, watu wanachangishana majina, mwenyekiti ni fulani, mweka hazina ni shemeji yake, na pesa zikiisha kikundi nacho kimekwisha. Afisa akija kukagua huona mara moja. Kikundi cha kweli huanza na akiba yao wenyewe, hata iwe ni shilingi hamsini kwa wiki, na daftari lao laonyesha nani alitoa na nani hakutoa. Kikundi kama hicho hata kisipopata msaada, kimeshajisaidia.

La pili ni hofu ya riba. Hili nalisema kwa heshima, kwa sababu ni hofu nzuri, imetoka kwenye dini. Lakini twachanganya vitu vitatu. Kuna ruzuku, ambapo serikali hulipa sehemu ya bei na wewe hudaiwi kitu. Kuna msaada wa kikundi, mnaopewa kwa masharti ya kuutumia kwa kazi mliyoandika, nao haurudishwi. Na kuna mkopo, kama ule wa Shirika la Fedha za Kilimo, ambao kwa kawaida una riba, na hapo Muislamu ana haki ya kusimama na kuuliza. Mzee akikataa vyote vitatu kwa sababu ya kimoja, amejinyima halali kwa kukimbia haramu. Na chama cha akiba kikitaka kukukopesha, soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Uliza wazi kama kuna njia isiyo na riba. Usipoelewa, mpelekee mwanachuoni unayemwamini. Kuuliza si aibu.

Mlango wa tatu: kikao

Huu ndio mlango mkubwa kuliko yote, na ndio tunaoukimbia zaidi.

Kuna mpango unaoitwa FLLoCA, wa kuzipa kaunti pesa za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2021, na wafadhili wengine wakaungana nayo. Msingi wake ni huu: kaunti iwe na sheria na mfuko wa tabianchi, na kila wadi iwe na kamati inayokaa na wananchi kuamua nini kifanywe. Je, tuchimbe bwawa? Tupande miti kwenye chanzo cha maji? Tuweke makinga maji?

Na msidhani wazo hili lilizuka kwa mabwana wa Nairobi. Mbegu yake ilipandwa Isiolo, karibu na mwaka 2011, ambapo jamii za wafugaji zilikaa katika kamati za wadi na kuamua zenyewe pesa za ukame zitumike wapi. Wazee wa Kiborana wana baraza lao la malisho, dedha, na elimu yao ya maji na majani ikaingizwa katika mipango. Baadaye Garissa, Wajir, Kitui na Makueni zikafuata njia hiyo hiyo. Leo nchi nzima yaiga kitu kilichojaribiwa na wafugaji. Kwa nini? Kwa sababu walikaa kikaoni.

Mbali na hayo, kuna bajeti ya kaunti yenyewe, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe. Andika kwenye simu yako. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwongozo wa matumizi ya fedha, unaosema kila idara ipate kiasi gani, kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya kila hatua wananchi wana haki ya kutoa maoni.

Mwaka 2024 na 2025 Ramadhani ilituingilia mwezi wa Machi, na mwaka 2026 katikati ya Februari. Maana yake ni kwamba vikao hivi vyaangukia wakati tumefunga, au tumechoka na tarawehe, au tunajiandaa na Idi. Watu ishirini wanakwenda, na hao ishirini ndio "wananchi" wanaoandikwa kwenye ripoti. Mwezi wa Julai barabara imewekwa upande ule, bwawa limechimbwa upande ule, sisi tunalalamika barazani. Tulikuwa wapi?

Pesa za kuhifadhi ardhi: mafunzo matatu

Sasa nije kwenye uhifadhi, kwa sababu hapo ndipo pana pesa mpya na pia mitego mipya. Nitatoa mifano mitatu. Wa kwanza watutoa Kwale kidogo hadi Ukambani, kisha tutarudi nyumbani.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Machakos unakwenda na maji. Ikaamua kupunguza ng'ombe wa watu kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba wakaandamana hadi Nairobi, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akakamatwa na kupelekwa kizuizini hapa kwetu pwani, Lamu. Kazi ya kulazimishwa ilichukiwa. Lakini miaka iliyofuata watu wenyewe, katika vikundi vyao vya kusaidiana, walichimba makinga maji ya aina inayoitwa "fanya juu". Wachimba mtaro unaokingama na mteremko, na udongo wautupa upande wa juu, ukawa tuta la kuzuia maji. Kutoka mwaka 1974 mpango wa serikali uliofadhiliwa na Sweden ukaongeza nguvu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1994 walionyesha kuwa watu wa eneo hilo waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4 kati ya miaka ya 1930 na 1990, na bado mmomonyoko ulipungua. Funzo: pesa za uhifadhi hufaa zikimkuta mtu tayari ameshika jembe.

Mfano wa pili uko Kwale, Mwaluganje. Wakulima walioishi kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje walikuwa wakipanda, ndovu wakivuna. Wakakubaliana kuiacha ardhi yao iwe njia na makazi ya ndovu, nao wapate gawio kutokana na ada za watalii. Hifadhi hiyo ilifunguliwa mwaka 1995. Ni wazo zuri, mkulima kulipwa kwa ardhi yake anayoitunza. Lakini mwaka 1997 vurugu za Likoni zikawafukuza watalii pwani nzima, na tangu hapo utalii wetu umekuwa wa kupanda na kushuka. Ndovu haulizi kama watalii wamekuja. Funzo: kabla ya kuitoa ardhi yako kwa mkataba, uliza pesa zinatoka wapi, na zikikatika itakuwaje.

Mfano wa tatu ni Gazi, katika mradi wa Mikoko Pamoja. Vijiji vya Gazi na Makongeni, kwa makubaliano na idara ya misitu, vinalinda hekta 117 za mikoko. Mikoko huvuta hewa ukaa na kuifungia kwenye tope, na kiasi hicho hupimwa na kuuzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Mradi huo ulianza mwaka 2013, na umejulikana duniani kote kwa kuwa wa kwanza wa aina yake. Pesa zake si nyingi za kumtajirisha mtu, lakini vijiji huketi na kuamua: maji, vitabu vya shule, vifaa vya zahanati. Baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaanzisha wao. Funzo: pesa ndogo inayoamuliwa wazi mbele ya kijiji yadumu kuliko kubwa inayoamuliwa gizani.

Na hapa, enyi vijana wa sheria na wa hesabu, masikio! Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023. Sasa inasema kwamba mradi wa kaboni unaofanywa juu ya ardhi ya jamii au ya umma uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na kwamba jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama. Siku yoyote mtu mwenye gari kubwa na laptopu anaweza kufika kijijini kwenu na kuwaambia wazee watie sahihi ya miaka thelathini. Wazee hao ni watu wa ahadi. Neno lao ni neno. Lakini kama hakuna mtoto wao mmoja wa kuuliza "asilimia 40 yetu imeandikwa ukurasa gani?", watatia kidole na kumpa chai.

Kinachotuhusu hasa

Ndugu zangu, mtaniuliza kwa nini nashughulika hivi na mambo ya mbolea na mabwawa. Nitawaambia. Shamba lisilozaa huuzwa. Kwanza yauzwa nusu ekari kwa ajili ya karo, kisha robo kwa ajili ya matibabu, kisha iliyobaki kwa ajili ya pikipiki ya bodaboda itakayodumu miaka miwili. Mwisho kijana anarudi kwenye shamba la babu yake akiwa mlinzi wa lango. Udongo unapokwenda na maji, yaliyobaki ni bei tu. Ruzuku na miradi haiwezi kulirudisha shamba lililouzwa, lakini yaweza kuchelewesha ile siku ya kuliuza, na pengine kuifuta kabisa.

Basi nawaomba mambo manne, na hayahitaji mfadhili.

Moja, kabla ya Idi, kila kijana amwandikishe au ahakikishe amemwandikisha mkulima mmoja wa ukoo wake. Mama, shangazi, babu, jirani mjane. Mmoja tu.

Mbili, tukusanye maghala na tarehe. Tubandike kwenye ubao wa msikiti na wa madrasa: ghala liko wapi, kikao cha wadi ni lini, bwana shamba wa wadi ni nani na apatikana siku gani.

Tatu, kila kikao cha bajeti tuwe na vijana wawili na wazee wawili. Kijana asome karatasi, mzee aseme ukweli wa ardhi. Mmoja bila mwingine ni kipofu.

Nne, amana. Ukimwandikia mzee fomu, usijiwekee nambari yako ya simu mahali pa yake. Ukiwa katibu wa kikundi, hesabu isomwe mbele ya wote, hata kama ni shilingi mia mbili. Mkulima wetu ameshadhulumiwa na bei na mawakala wa barabarani. Tusiwe sisi, watoto wake tuliosoma, tukaongeza dhulma juu ya dhulma.

Na mazao yakikubali, tusisahau kuwa katika kinachovunwa mna haki ya maskini: sehemu ya kumi kwa shamba linalonyweshwa na mvua, na nusu ya hiyo kwa linalonyweshwa kwa gharama, mavuno yakifikia kiwango. Mzee akivuna zaidi, na jirani asiye na shamba naye atakula.

Mvua za masika ziko karibu. Mtu akikuuliza Ramadhani hii ulifanya nini, pamoja na kisomo chako na sala zako, uweze kusema: nilimfikisha nyanya yangu kwenye daftari. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, azitie baraka ardhi zetu, na awape wazee wetu afya ya kula matunda ya mikono yao. Amin.